SOMO: JINSI YA KUANDIKA KAZI ULIZOFANYA UNAPOOMBA KAZI

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuandika kazi ulizofanya, katika barua ya kuomba kazi na katika CV. CV ni karatasi moja au mbili zinazomweleza mwajiri wewe ni nani, umesoma nini, umefanya kazi gani, wapi, kwa muda gani, na nani anaweza kukushuhudia.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya hali ya sasa. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipungua sana. Mashirika yalipunguza wafanyakazi wao, na watu wengi waliondolewa katika orodha ya chakula ya WFP. Tangu wakati huo watu wengi wanakuja ofisini kwetu hapa Base Camp kutuomba tuwasaidie kuandika barua za kazi, nyingine za hapa Nakivale, nyingine za mjini Mbarara. Katika kuwasaidia tumeona kosa moja linalorudi kila siku: mtu ana kazi nyingi mikononi, lakini karatasi yake ni tupu.

Jambo moja tulikumbuke kwanza. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi na kulipwa mshahara, na haki ya kulima, kufanya biashara na kazi za mikono. Basi unapopeleka barua ya kuomba kazi huombi sadaka. Unaleta nguvu zako na ujuzi wako, na kazi ya CV ni kuvionyesha hivyo.

1. "MIMI SINA KAZI NILIYOFANYA"

Mama mmoja alikuja kwetu. Alisikia kwamba hoteli moja mjini Mbarara inatafuta mtu wa jikoni. Nikamwuliza, "Mama, umewahi kufanya kazi gani?" Akajibu, "Mwanangu, mimi sina kazi niliyofanya. Mimi ni mama tu, nakaa nyumbani."

Nikamwuliza, "Na asubuhi unaamkia wapi?" Akasema, "Naenda shuleni kupika uji wa watoto." Nikauliza watoto ni wangapi. Akasema ni 180. Nikauliza amepika tangu lini. Akahesabu vidole: miaka minne. Nikauliza nani anapokea unga na sukari. Akasema ni yeye, anapima kwa mizani, anatia alama katika daftari, na mwisho wa mwezi mwalimu mkuu anakagua. Nikauliza kama watoto wamewahi kuumwa tumbo kwa sababu ya uji wake. Mama akakasirika kidogo. Akasema, "Mimi? Maji yangu nayachemsha kwanza."

Ndugu msomaji, huyo ndiye mtu aliyesema hana kazi. Alikuwa na miaka minne ya kupika chakula cha watu wengi, kupokea na kutunza vyakula, kuweka hesabu na kulinda usafi. Aliona si kazi kwa sababu alipewa posho ndogo na hakuna aliyempa barua ya kuajiriwa.

Kwa hiyo tukubaliane. Kwa ajili ya CV, kazi ni jambo lolote ulilolifanya kwa muda, lililohitaji ujuzi au uaminifu, na ambalo mtu mwingine aliliona. Iwe ulilipwa mshahara, ulipewa posho, ulijitolea au ulijiajiri, yote ni kazi. Kulima shamba lako na kuuza mavuno ni kazi. Kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa ni kazi. Kuwa mjumbe wa RWC, kufundisha watoto wa jirani, kushona, kusuka nywele, kuendesha bodaboda na kutafsiri pale kituo cha afya ni kazi pia.

2. MASWALI SITA YA KUJIULIZA

Chukua daftari. Kwa kila kazi uliyoifanya, jibu maswali haya sita. Usianze na CV yenyewe, anza na daftari.

(a) Niliitwa nani katika kazi hiyo? (mpishi, mwashi, muuzaji, mwalimu, mtunza stoo)
(b) Niliifanya wapi?
(c) Kuanzia lini mpaka lini?
(d) Kila siku au kila wiki nilifanya nini hasa?
(e) Kiasi gani? (watoto wangapi, kilo ngapi, nyumba ngapi, eka ngapi, wasaidizi wangapi)
(f) Nani aliniona nikifanya, na anapatikana wapi?

Swali ambalo watu wengi wanaliruka ni la (e). Lakini hesabu ndiyo inayomfanya mwajiri asiyekujua aione kazi yako. Ukisema "nilipika," anaweza kufikiri umepikia watu wako wa nyumbani. Ukisema "nilipika uji wa watoto 180 kila siku ya shule," hahitaji kuuliza kama unaweza sufuria kubwa.

Swali la (c) linawasumbua waliosahau tarehe. Usikisie ovyo. Tumia matukio unayoyakumbuka, kisha hesabu mbele au nyuma. Mlima Nyiragongo ulilipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Machafuko ya Burundi yalianza Aprili 2015. Shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Bunagana ilichukuliwa na M23 Juni 2022. Jiulize: nilianza kazi hii kabla au baada? Mtoto wangu alikuwa darasa la ngapi? Ukipata mwaka, inatosha. Si lazima uandike siku.

3. MIFANO

Tazama mifano hii. Mstari wa kwanza ni namna watu wanavyotuletea. Wa pili ni namna inavyofaa kuandika.

Muuza samaki
Usiandike: "Nilifanya biashara ndogondogo."
Andika: "Muuza samaki, soko la Base Camp, Nakivale, 2017 mpaka 2022. Nilinunua samaki wabichi ziwani, nikawakausha kwa moshi na kuwauza kwa jumla na rejareja. Niliweka daftari la mauzo na madeni. Nilisimamia wasaidizi wawili."

Mwashi
Usiandike: "Fundi."
Andika: "Mwashi, Juru na Rubondo, 2019 mpaka sasa. Nimejenga nyumba 14 za matofali mabichi na 6 za matofali ya kuchoma. Najua kuchimba msingi, kupanga tofali kwa timazi na pimamaji, na kupiga plasta. Nakadiria saruji na mchanga kabla kazi haijaanza."

Mhudumu wa afya wa kijiji
Usiandike: "Nilijitolea kwenye afya."
Andika: "Mhudumu wa afya wa kijiji (VHT), Nakivale, 2020 mpaka 2024. Nilitembelea kaya 42 kila mwezi. Nilipima watoto kwa utepe wa mkono, nikawapeleka kituo cha afya waliokuwa katika rangi ya njano au nyekundu, na nikaandika rejesta ya kila mwezi."

Mkulima
Usiandike: "Mkulima tu."
Andika: "Mkulima, Nakivale, 2016 mpaka sasa. Nalima eka moja na nusu ya mahindi na maharage. Nakausha, nachagua mbegu, nahifadhi gunia zisiingiwe na wadudu, na kuuza kwa wanunuzi wanaotoka Mbarara."

Mweka hazina
Usiandike: acha kabisa, kama wengi wanavyofanya.
Andika: "Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu 30, miaka 3. Nilipokea fedha kila Jumapili mbele ya wanachama, nikaandika kila kitabu, na kugawa akiba mwisho wa mwaka bila upungufu."

Angalia neno "tu." Watu wanaandika "mkulima tu," "mama tu," "kibarua tu." Neno hilo likate katika karatasi yako yote.

Tena angalia kwamba mifano hii haina maneno ya kujisifu. Haisemi "mimi ni mchapakazi hodari, mwaminifu sana." Kila mwombaji anasema hivyo. Mwandikie mwajiri jambo ulilolifanya, na yeye mwenyewe ataona uhodari wako.

4. MIAKA YA NJIANI

Katika CV za wengi wetu kuna tundu. Mtu anaandika kazi mpaka mwaka 2012, halafu anaanza tena 2015. Mwajiri anauliza, "Miaka hii mitatu ulikuwa wapi?" Na mtu anaogopa, au machozi yanamjia, na mazungumzo yanaharibika.

Si lazima ueleze yaliyokupata njiani. Hayo ni yako. Lakini usiache tundu bila neno. Andika mstari mmoja mfupi na wa kweli: "2012 mpaka 2014: kuhama kutoka Rutshuru kwa sababu ya vita, na kuanza makazi Uganda." Mwajiri akiuliza, rudia maneno hayohayo, kisha endelea na kazi iliyofuata.

Baada ya hapo jiulize: katika miaka hiyo sikufanya lolote? Wengi walifanya. Wengine walitafsiri katika kituo cha mpito, walipanga watu foleni ya chakula, walifundisha watoto chini ya hema, walisaidia akina mama waliojifungua njiani. Kama ulifanya hivyo kwa wiki au miezi, kiandike.

5. VYEO NA VYETI VYA NYUMBANI

Hapa nitatoa mfano wangu mwenyewe. Mimi nilimaliza sekondari Kongo mwaka 2019, fani ya ualimu, nikapata Diplôme d'État. Nikafundisha darasa la tano kwa mwaka mmoja. Mwaka 2022 tukavuka Bunagana, tukakaa kituo cha mpito cha Nyakabande, Kisoro, kisha tukaletwa hapa. Nilipoomba kazi mara ya kwanza, katika ofisi moja mjini Mbarara, niliandika: "Diploma, 2019." Bwana aliyenipokea akauliza, "Diploma ya chuo gani?" Nikasema ya sekondari. Akaniangalia, akageuza karatasi yangu, akaita mwingine. Niliona uso wake: alifikiri ninamdanganya. Mimi sikudanganya. Nilitumia neno la kwetu katika nchi ambayo neno hilo lina maana nyingine.

Basi jifunzeni kutokana na aibu yangu. Maneno haya yameshawakwaza wengi:

DIPLOMA. Kongo, Diplôme d'État ni cheti cha kumaliza sekondari. Uganda, diploma ni cheti cha chuo, baada ya sekondari. Usiandike "diploma" peke yake. Andika: "Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, Kongo," na mwaka.

A2. Kongo, Rwanda na Burundi watu wamezoea kusema "mimi ni A2." Mwajiri wa hapa hajui. Andika ulichosomea na kiwango: "sekondari, fani ya uuguzi" au "sekondari, fani ya ualimu."

GRADUAT. Kongo, mtu wa graduat alisoma miaka mitatu chuoni katika mfumo wa zamani, na bado alikuwa na licence mbele yake. Uganda, wakisikia neno linalofanana na hilo wanafikiri umemaliza shahada kamili. Andika idadi ya miaka na jina la chuo.

PRÉFET. Kongo, préfet ni mkuu wa shule ya sekondari. Uganda, "prefect" ni mwanafunzi anayesimamia wenzake. Baba mmoja aliyeongoza shule kwa miaka tisa aliandika neno hilo, na kijana aliyemhoji akamwambia hawahitaji kujua alikuwa kiongozi gani wa wanafunzi. Andika mkuu wa shule, na kwa Kiingereza "headteacher."

RELAIS COMMUNAUTAIRE. Kazi hii inafanana na ya VHT hapa Uganda. Andika jina la kwenu, kisha eleza kwamba ni mhudumu wa afya wa kijiji.

Kuhusu kulinganisha vyeti: vyeti vya sekondari kutoka nje vinalinganishwa na UNEB, na vya elimu ya juu na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Wauguzi na wakunga lazima waandikishwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda kabla ya kufanya kazi hiyo hapa. Kama bado hujaandikishwa, usiandike "mimi ni muuguzi" kana kwamba umeruhusiwa Uganda. Andika: "Nilifanya kazi ya uuguzi, kituo cha afya fulani, Kongo," na miaka. Hilo ni kweli, na hakuna anayeweza kukulaumu.

6. ASIYE NA CHETI CHOCHOTE

Wengi waliacha vyeti katika nyumba zilizoungua, au hawakuwahi kuvipata. Usiandike "vyeti vilipotea" juu ya karatasi kama kilio. Katika sehemu ya elimu andika shule, mahali na darasa ulilofikia, kisha ongeza: "cheti hakipo kwa sababu ya vita." Inatosha.

Halafu tafuta ushahidi mwingine. Mwombe uliyemfanyia kazi akuandikie barua fupi yenye tarehe, jina lake, simu na mhuri kama anao. Mwombe mwalimu mkuu, mwenyekiti wa RWC au kiongozi wa kikundi chako. Fundi apige picha za kazi zake: mlango, gauni, ukuta.

Tena, nchini Uganda fundi aliyejifunza kazini bila kupita shuleni anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti cha ufundi wake. Mwashi anajenga mbele ya mpimaji, fundi cherehani anakata na kushona. Ulizeni katika vyuo vya ufundi, hapa Nakivale au Mbarara, ni lini wanapima na gharama ni kiasi gani.

7. USIDANGANYE

Tunajua majaribu ni makubwa. Wapo wanaoazima cheti cha mwingine, wapo wanaonunua cheti cha kughushi mjini, wapo wanaogeuza miezi mitatu kuwa miaka mitatu. Tunawaomba msifanye hivyo, kwa sababu tatu.

Kwanza, kughushi cheti au kutumia cheti cha kughushi ni kosa la jinai nchini Uganda, na mtu anafungwa. Pili, mwajiri anapiga simu. Tatu, ukikamatwa wewe, mkimbizi anayekuja nyuma yako anafungiwa mlango ule ule. Atasema ukweli, na hataaminiwa kwa sababu yako. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Kuna uongo mwingine ambao watu hawauoni kuwa uongo: kumpa mwandishi wa mjini akuandikie CV yote, naye anajaza maneno makubwa ya Kiingereza usiyoyajua. Siku ya mahojiano unaulizwa kuhusu maneno hayo, na huna jibu. Kanuni ni hii: kila mstari ulio katika CV yako, uwe na uwezo wa kuueleza kwa kinywa chako kwa dakika mbili. Usioweza kuueleza, ufute.

8. WASHAHIDI NA NAMBA YA SIMU

Mwisho wa CV unaandika watu wawili au watatu wanaokufahamu katika kazi. Baba yako, mke wako na shemeji yako hawafai. Anafaa aliyekusimamia, aliyekununulia kazi yako kwa muda mrefu, mwalimu mkuu, au kiongozi wa kikundi. Mwombe ruhusa kwanza, na mkumbushe tarehe. Ukimwandika bila kumwambia, mwajiri akimpigia atasema, "Simjui." Wewe unajulikana kwa jina la utani, na karatasi ina jina la kitambulisho.

Jina katika CV liwe lile lile lililo katika kitambulisho chako cha mkimbizi, herufi kwa herufi.

Namba ya simu iwe inayopatikana. Tumeshaona mtu akikosa kazi kwa sababu simu ilizimika siku tatu, au laini ilikuwa ya rafiki aliyehamia Kampala. Kama simu yako haina uhakika, andika namba mbili, ya pili iwe ya jirani mwaminifu, na mwambie jirani huyo kwamba simu ya kazi inaweza kuingia.

9. SURA YA CV

Panga hivi, kwa kurasa mbili zisizozidi:

Jina: ..................
Mahali unapoishi: kijiji, Nakivale, Isingiro
Simu: ..................
Kazi unayoomba: ..................
Kazi nilizofanya: anza na ya sasa, rudi nyuma mpaka ya zamani
Elimu na mafunzo: pamoja na mafunzo mafupi ya mashirika, andika siku ngapi na ulijifunza nini
Lugha: ..................
Wanaonifahamu: majina, kazi zao, simu

Sehemu ya lugha msiidharau. Mtu wa Nakivale anaweza kujua Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda au Kirundi, na Runyankore aliyojifunza sokoni. Kwa duka, hoteli au kliniki ya Mbarara hiyo ni faida. Andika ukweli kwa kila lugha: naongea, nasoma, naandika.

Waajiri wengi wa Uganda wanataka CV kwa Kiingereza. Iandike kwanza kwa lugha unayoijua, kwa mkono. Kisha tafuta kijana wa sekondari au mwalimu akutafsirie mbele yako, mstari kwa mstari. Peleka kuchapisha mara moja tu, ikiwa imekamilika, ili usilipe mara tatu.

10. MASWALI MLIYOTUULIZA

Swali: Niandike kwamba mimi ni mkimbizi?
Jibu: Usifiche, wala usianze na hilo. Ukiulizwa kitambulisho, onyesha cha mkimbizi. Toa nakala, usimwachie mtu kitambulisho chenyewe.

Swali: Nimefanya kazi za aina nne. Niandike zote?
Jibu: Andika kwa urefu zile zinazohusiana na kazi unayoomba. Nyingine mstari mmoja kila moja. Ukiomba kazi ya stoo, uweka hazina wako ni muhimu kuliko bodaboda. Ukiomba udereva, ni kinyume chake.

Swali: Mtu ameniambia nikitoa fedha ataweka CV yangu juu ya nyingine.
Jibu: Usitoe. Kazi haiuzwi, na anayeiuza mara nyingi hana kazi yoyote mkononi. Toa taarifa ofisi ya OPM au polisi.

Swali: Nimepeleka barua kumi, sijajibiwa.
Jibu: Hilo linatokea, hata kwa raia wenye vyeti vyote. CV nzuri haileti kazi peke yake. Lakini siku nafasi inapofunguliwa, mwenye karatasi iliyo tayari anaipeleka siku hiyo hiyo, na asiye nayo anaanza kutafuta kalamu.

ZOEZI

Kaeni wawili wawili. Mmoja aulize, mwingine ajibu. Anayeuliza atumie maswali sita ya sehemu ya 2, na aandike majibu kama yalivyosemwa. Asikubali jibu lenye neno "tu." Kisha mbadilishane. Tumeona kwamba mtu haoni kazi yake mwenyewe, lakini jirani yake anaiona vizuri. Madaftari yaleteni ofisini kwetu, tutayasoma pamoja na kusaidia kuyapanga. Huduma hii ni bure.

Mnaweza kuuliza yule mama wa uji aliishia wapi. Tuliandika karatasi yake pamoja, ukurasa mmoja. Akapanda teksi ya asubuhi kwenda Mbarara. Jikoni walimwuliza swali moja la ghafla: kwa watu 180 utatumia unga kiasi gani? Akajibu bila kutazama karatasi: kilo 11, sukari kilo 3, sufuria mbili kubwa. Wakamwambia abaki ajaribiwe wiki moja. Wiki ikapita, wakambakiza. Sasa yeye ndiye anayeleta wenzake kwetu, na mlangoni anawaambia wasiseme hawana kazi waliyofanya, kwa sababu kijana huyu atawauliza wanaamkia wapi asubuhi.

Tunawatakia kazi njema.

Mhudumu wa jamii, Base Camp, Nakivale